Buli la Udongo Mweupe

Jumapili, 9 Novemba 2025. Ghubra

Daktari kautazama moyo wangu kwenye kioo chake, kisha kaniuliza wanangu wanaishi wapi. Nimefahamu. Miaka themanini na nne inatosha. Radhi nimeshaomba kwa wote isipokuwa Yaarub, mtoto wa ami yangu, anayekaa Darsait, mtaa mwingine wa mji huu, na kudai kwamba moyo wake ni mbovu kuliko wangu.

Basi niandike. Unguja, mwaka 1955, kabla hatujahamia huku, siku tatu kabla ya Idi, nilivunja buli la kauri la mama. Kauri ya kweli: ukiliinua kwenye mwanga unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Lilipopasuka, ndani lilikuwa jeupe kama nyama ya nazi. Nikasema ni Yaarub. Kachapwa, kafungiwa ndani sikukuu nzima. Mimi nikaenda Mnazi Mmoja, nikapanda pembea, nikamletea ubuyu. Kanishukuru.

Shauri langu: nimfinyangie buli jipya, nimpe, kisha nimwombe radhi kwa jumla, kama watu wanavyoombana: nisamehe kwa lolote. Lolote ni neno pana. Buli litapita humo bila kuonekana.

Jumanne, 11 Novemba

Udongo umefika. Kilo tano za kaolini, laini kama poda. Noof, mke wa mwanangu, kauliza ni nini. Nikamwambia dawa ya tumbo. Si uongo mtupu. Zamani hospitali tulipewa hiyo kwa tumbo la kuendesha. Nimesomesha kemia miaka thelathini na moja, nnayajua haya. Udongo huu unang'arisha karatasi, unaingia kwenye poda na dawa ya meno, na ukichanganywa na mawe ya kusagwa, ukachomwa kwa moto mkali sana, unakuwa kauri.

Mawe ya kusagwa sina. Moto mkali sina. Nna oveni ya Noof ya biskuti.

Nimefinyanga kutwa. Buli limeinama upande, kama mtu anayesikiliza siri za jirani.

Alkhamisi, 13 Novemba

Msiba. Namazzi, binti wa Uganda anayetusaidia nyumbani, kala mdomo wa buli. Nimelianika roshani, nimerudi kusali adhuhuri, mdomo haupo. Kakiri palepale, jambo lililonikera zaidi. Kasema pole Mzee, alidhani ni udongo wa kula, kwao unauzwa sokoni, umekaushwa kwa moshi. Kasema huu wetu haukupata moshi, lakini si mbaya.

Nikamuuliza kama ana mimba. Kacheka mpaka kashika ukuta. Hana mimba. Kakumbuka kwao tu.

Nikashindwa kukasirika. Mama, alipokuwa na mimba ya mdogo wetu wa mwisho, alifunga kipande cheupe cha udongo kwenye pindo la kanga, akitafuna akidhani hatumwoni. Harufu ya udongo uliolowa, na mdalasini kwenye chai yake. Nnadhani tumebaki wawili duniani tunaoikumbuka: mimi na Yaarub.

Alasiri Noof kalikuta buli katikati ya biskuti za wageni. Kasema maneno. Buli limetoka kwenye oveni kama lilivyoingia, na ufa juu yake.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimekwenda Darsait. Yaarub kanipokea kitandani, makusudi, chupa za dawa kazipanga mezani kama vikombe vya ushindi wa mpira. Kalitazama buli lisilo na mdomo, kauliza kama ni chetezo. Nikamwambia ni zawadi, na anisamehe kwa lolote.

"Lipi?"

Nikasema lolote.

"Hilo halina jina, Jaifar. Mimi nnataka jina lake."

Nikampa madogo. Kalamu yake niliyoipoteza. Barua ya mchumba wake niliyoifungua. Kayasamehe moja moja, polepole, kama mtu anayekula tende. Kisha, kuonyesha kwamba kaithamini zawadi, kamimina chai ndani ya buli. Udongo haukuiva. Likalegea, likakaa chini, likawa uji mweupe kwenye sinia.

"Si mimi," nikasema.

Yaarub kaacha birika hewani. Kasema sauti hiyo anaijua. Basi nikalitaja. Buli la mama, viboko, Idi, yote.

Kaliweka birika chini. Kisha kauliza pembea nilipanda mara ngapi. Nikasema mbili. Zilikuwa tisa.

Kachovya kidole katika ule uji, kauonja. Kasema mama yangu alikuwa akimmegea kipande, kwa siri. Mimi hakunimegea hata siku moja. "Nimekusamehe," kasema, "kwa jina lake." Tukalia kidogo, wazee wawili na sinia.

Nilipoaga kanishika mkono, kasema na mimi nimsamehe kwa lolote. Nikasema nimekusamehe. Nikashuka ngazi bila fimbo.

Jumatatu, 17 Novemba

Lolote lipi?

Mtu hasemi lolote bure. Mimi nnajua. Saa ya baba iliyopotea? Barua ya masomo ya Cairo ambayo haikunifikia? Nimempigia simu. Kasema hakumbuki. Anakumbuka. Nimemwambia radhi yangu nimeisimamisha mpaka alitaje. Kakata simu.

Shauri jipya. Kesho Namazzi atampigia, amwambie aje, niko mahututi na nnangoja neno lake moja tu. Nitalala chali, nimejipaka uso udongo uliobaki. Nimejaribu leo mbele ya kioo. Maiti kabisa. Namazzi kasema bado masikio.