Omobeno, Ua Rasmi la Lokesheni

"Ijulikane kwa wote, wanaosikia na wanaojifanya hawasikii: kuanzia Jumatatu hii, omobeno ni Ua Rasmi la Lokesheni!"

Ndivyo Chifu Nyamongo alivyotangaza barazani huko Manga, mwaka wa 1971, kofia ya serikali imemkaa vizuri kichwani. Watu wakatazamana. Omobeno waliujua sana. Ni kile kichaka cha maua ya manjano kinachoota popote, ukigusa jani lake linanuka kama panya. Wanawake hufunikia ndizi majani yake ziive upesi, na aliyekosa choo hunywa maji yake akafunguka, mara nyingine kuliko alivyoomba. Hakuna aliyewahi kukipigia saluti.

"Mataifa yana maua yao," Chifu alifafanua. "Sisi tumepungukiwa nini?"

Chifu hakuwa mtu wa tamaa. Ni vile tu maafisa wa ardhi walikuwa njiani kuja kupima mashamba, na kati ya chai yake na migomba ya Kemuma, mjane jirani yake, palikuwa na safu ya omobeno yenye upana wa hatua kumi. Hatua hizo zilikuwa za Kemuma, marehemu mumewe ndiye aliyepanda. Kila mtu alijua. Lakini kujua si kuandika, na Chifu alikuwa na karani.

Karani Cleophas akasoma. Kanuni ya kwanza: ni marufuku kukata, kung'oa au kuchuma Ua Rasmi. Ya pili: ardhi yote ambamo Ua Rasmi limeota ni ya umma. Ya tatu: ardhi hiyo atakabidhiwa jirani anayepakana nayo, ailinde na kuitumia kwa niaba ya umma. Ya nne: kanuni hizi hazifutwi mpaka baraza liinue mikono. Hii ya nne Chifu aliipenda kupita zote. Ilinukia demokrasia.

Kemuma akasimama. Bila hatua zile kumi angebaki na migomba kumi na mitano na jiwe.

"Chifu, tata, baba yetu, ndizi zangu nizifunike na nini? Nizifunike na hiyo karatasi ya kanuni?"

"Mong'ina, mama, serikali haina shughuli na ndizi."

"Basi niruhusu nikate vichwa vya omobeno tu. Kila mwaka nakata kabla maganda hayajakauka. Nikiacha yatapasuka."

"Yapasuke kwa amani!"

"Haya. Nyote mmesikia," Kemuma akasema, akaketi.

Chifu alirudi nyumbani amefurahi. Mwanamke ameelimika.

Maganda yakapasuka kwa amani. Mvua kubwa ikaja, ikazoa mbegu, ikazishusha mteremko, na chini ya mteremko ni chai ya Chifu. Siku moja vibarua wake wakaweka majembe chini.

"Chifu, kuna Ua Rasmi ndani ya chai."

"Ng'oeni!"

"Kanuni ya kwanza, Chifu."

"Kanuni niliitunga mimi!"

"Ndiyo sababu tunaiogopa."

Chifu akainama ashike shina moja kwa mkono wake mwenyewe. Cleophas akafungua daftari. "Niandike ni nani ameng'oa? Maana faili ya kanuni ilienda Kisii, na imerudi na muhuri."

Chifu akainuka, akajipangusa magoti. Maua mawili matatu, akajiambia, nani atayaona?

Afisa wa ardhi, kijana aitwaye Okemwa, alifika mwaka uliofuata, na shamba zima la Chifu lilikuwa manjano tupu. Akasoma faili mara mbili.

"Kazi safi. Uliandika mwenyewe, mzee?"

"Kila neno," Chifu akasema, kifua mbele.

"Basi shamba lako lote ni la umma. Linapakana na nani?"

Cleophas akakohoa. "Huku barabara. Upande ule na huku chini, mto. Juu ni Kemuma."

"Mto haushiki jembe," Okemwa akasema, akaandika Kemuma. "Na ile safu ya juu?"

"Upande mmoja ni migomba ya Kemuma. Upande wa pili ni chai ya umma iliyo chini ya Kemuma."

"Kazi imekuwa rahisi," akasema Okemwa, akaandika tena.

Alasiri hiyo hiyo Chifu aliita baraza la dharura. "Wananchi, pametokea hitilafu ndogo ya kiutawala. Wanaotaka kanuni zifutwe, inueni mikono."

Chifu akaona mkono mmoja tu, nyuma. "Mmoja! Cleophas, andika!"

"Nilikuwa najikuna sikio, Chifu," mwenye mkono akasema, akaushusha upesi na kuukalia.

Kemuma akangoja kicheko kiishe. Kisha akasema kwa heshima zote:

"Chifu, tata, kesho asubuhi tunachuma chai ya umma. Kikapu unacho, au nikuazime?"