Kazi ya Kutojua Kusoma

Jumatatu, 4 Mei 1964

Habari njema sana! Mwalimu wa darasa la tatu hapa mtaani kwetu Kimanga amekimbilia Bujumbura na mke, watoto na hata mbuzi. Wanasema kule bondeni kuna vurugu. Vurugu gani, sijui. Hainihusu. Nafasi iko wazi!

Shangazi Pudentienne ndiye ananilisha hapa Uvira tangu nimalize sekondari (nilimaliza kidogo tu, walinifukuza mwaka wa pili). Amesema nikiikosa kazi hii narudi Luvungi kulima pamba ya baba. Minye, Sévère! Pamba! Mgongo wangu haukuumbwa kwa pamba.

Mpinzani ni mmoja, jirani yetu Hyacinthe. Amesomea ualimu miaka miwili, sawa. Lakini shati lake lina kiraka. Nani atamheshimu mwalimu wa kiraka? Minye najiandaa kwa akili. Shangazi alikuwa akimfulia Mbelgiji mmoja wa kampuni ya pamba, ambaye mwaka wa sitini alikimbia na kuacha miwani yake. Nimeichukua sandukuni. Na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Mbili hazina wino, lakini nani atajua?

Alhamisi, 7 Mei

Somo la majaribio mbele ya direkta, mkuu wa shule. Hyacinthe alianza. Alifundisha kujumlisha kwa vipande vya mihogo. Mihogo, shuleni! Watoto wakajibu kwa kelele, direkta akatabasamu. Nilimhurumia direkta.

Halafu minye. Nikavaa miwani. Mungu wangu, yule Mbelgiji alikuwa kipofu! Darasa zima likawa ukungu. Nikaandika kichwa cha somo kwa mwandiko mzuri kabisa. Watoto wakacheka. Nikawakemea kwa Kifaransa. Nyuma kulikuwa na mtoto mmoja mrefu, mkaidi, hakai. Nikamwamuru apige magoti.

Mwisho direkta ameniambia kwa upole kwamba ubao uko upande wa pili, na kwamba nimeandika ukutani. Na yule mtoto mrefu alikuwa yeye. Amesema atatujulisha.

Nafikiri nimemgusa. Kuanzia kesho navaa miwani kila siku, mji mzima unizoee.

Jumamosi, 16 Mei

Sielewi kitu. Jana waasi wameingia Uvira. (Nje tunasema Simba, na tunasema haraka.) Askari wa serikali wamekimbia, direkta amekimbia, shule imefungwa. Nani sasa atatoa kazi?

Leo shangazi amerudi kutoka sokoni anahema. Amesema wanakamata wasomi, watu wa kalamu, na wakishachukuliwa hawarudi. Wenye miwani ndio wa kwanza. Kisha ameniangalia, akauliza nimevaa nini usoni.

Yayayaya! Na wiki nzima nimetembea Kimanga nikisalimia watu bonjour! Nimezika kila kitu nyuma ya choo. Shangazi amenisaidia kusawazisha udongo. Hajataja pamba hata mara moja, na hilo ndilo limenitisha zaidi.

Jumanne, 19 Mei

Wamenikamata. Mtu fulani sokoni aliwaonyesha kwamba huyu ndiye yule wa miwani. Nikaapa mbele ya watu wote kwamba minye ni mvuvi, sijui hata herufi A. Komanda wao, kijana anaitwa Rémy, mwenye ngozi ya chui kichwani, akasema vizuri sana, vijana wake wana njaa, twende nikavue.

Wakanipeleka ziwani, wakanipa mtumbwi. Minye nimezaliwa Luvungi, kwenye vumbi! Mtumbwi ulizunguka palepale. Nikapoteza kasia. Nikasimama kulitafuta, nikaanguka majini. Simba wenyewe ndio walioniopoa. Komanda akauliza ni mvuvi wa ziwa gani huyu asiyejua kuogelea. Akaacha kucheka. Niliona mwisho wangu, kweli kabisa, na nililia.

Ndipo akatokea Hyacinthe. Kumbe yeye amewaambia tu kwamba ni mwalimu, basi! Na komanda amempa darasa la watu wazima, afundishe kusoma! Hyacinthe ameniangalia nilivyolowa, akamwambia komanda kwamba ananifahamu tangu zamani, kichwani mwangu hamna kitu, waniache kwake atanifundisha.

Wameniachilia. Shangazi amempelekea Hyacinthe sahani ya ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa shukrani. Shukrani ya nini? Ati kichwani hamna kitu! Sitamsamehe.

Jumatatu, 25 Mei

Niko benchi la mbele, katikati ya wapagazi na mama wauza ndagala. Tunaimba a, e, i, o, u. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kutosoma ni kugumu hivi! Macho yanasoma yenyewe.

Leo Hyacinthe kaandika neno, na minye nimelitamka kabla hajamaliza. Komanda alikuwa mlangoni. Nikasema nimebahatisha. Hyacinthe akanikanyaga mguu. Akaandika lingine, nikakosea kwa makusudi. Lakini mama mmoja wa ndagala, Charlotte, akapata! Akanicheka! Mama wa ndagala! Hapo nikasimama, nikasoma ubao mzima mbio mbio, bila kupumua.

Hyacinthe alifumba macho. Minye nikangoja bunduki.

Komanda akalia machozi. Akasema tazameni, mapinduzi yamemfanya mjinga huyu asome kwa wiki moja. Na amenipa kazi! Nitazunguka nao vijijini. Asubuhi nasimama mbele ya watu sijui kusoma, jioni nasoma. Chakula bure. Shangazi ameuliza kazi hiyo inaitwaje. Sijui. Lakini iko upande wa elimu.

Alhamisi, 18 Juni, Mutarule

Kazi inachosha. Luvungi nililazimika kuumwa tumbo. Pale kila mtu anajua kwamba baba aliuza ng'ombe nikasome.

Hapa Mutarule nimekuwa mjinga asubuhi na msomi saa kumi, makofi mengi. Nikataka kupumzika. Akaja bibi mmoja mkulima, Inamahoro, bado na jembe. Akasema kama mtu kama minye ameweza, yeye atashindwaje? Anataka kuona jina lake. Nikakataa. Akaketi chini. Nikachora jina mchangani ili aondoke. Akalifuta, akachora, vibaya. Tena, vibaya. Nikamshika mkono. Mara ya ngapi sijui, akapata, peke yake! Alipiga vigelegele. Akaita wajukuu, nao wakataka majina yao, na majirani nao, na mzee Nduwimana akataka jina la fahali wake. Wote mwalimu huku, mwalimu kule. Jua limezama, uji wangu umepoa.

Jioni nzima imepotea! Ningeitumia kufikiria namna ya kupata kazi ya ualimu.

Jumanne, 6 Oktoba, Kimanga

Sielewi tena. Tangu asubuhi mizinga inalia upande wa barabara. Komanda ameondoka bila kuaga. Wengine wanasema serikali inarudi. Wengine wanasema ni Simba wapya, wakali zaidi.

Hyacinthe alikuja kutuchukua tukajifiche milimani. Amesikia habari za Mutarule. Amesema hali ikitulia tufungue pamoja darasa la mama wa sokoni, yeye na minye. Minye, msaidizi wa kiraka! Nimekataa. Shangazi amelia, amenivuta shati, ameapa hatanitajia pamba maisha yake yote. Mwishowe amekwenda naye, anageuka kila hatua.

Maskini, hawaoni mbali. Serikali ikirudi itatafuta walimu, na atakayekuwa wa kwanza mbele ya macho yao ndiye atapata! Nimefukua kila kitu nyuma ya choo. Kalamu mfukoni. Miwani usoni, ina udongo kidogo. Niko mlangoni.

Wanakuja! Wengi, kwa mstari, na bunduki. Vichwani wana kitu. Kofia za chuma, au ngozi za chui, na miwani hii sioni vizuri. Naenda kuwasalimia kwa Kifaransa.