Kidudu Kitakachoitwa Mumbere

Jumatatu, tarehe 2 Oktoba

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Bado hakuna anayejua isipokuwa mke wangu Julienne, naye hakuacha kumenya viazi.

Nieleze vizuri, maana miaka thelathini na minane ya kufundisha biolojia hapa Butembo haimtoki mtu. Chini ya majani yanayooza porini wanaishi wanyama wadogo kama chembe ya chumvi, wanaoitwa kolembola. Miguu sita. Mabawa hakuna. Chini ya tumbo wana uma uliokunjwa; ukiwagusa, uma unafyatuka na mnyama anaruka. Mwezi uliopita nilijaza gunia la majani katika kipande cha msitu kilichobaki bondeni huko Vuhovi. Kati ya waliotoka guniani, wamo wasiopatikana katika kitabu chochote. Weupe, bila macho, kucha zenye meno matatu. Nilituma kumi Beni kwa Profesa Ilunga, mtu wa Kasai anayechunguza udongo kwa serikali. Amejibu: ni spishi mpya! Niandike maelezo, nichore, nichague jina.

Jina! Tulipostaafu, Mwalimu Florentine wa hesabu alipewa salle, darasa zima la shule, jina lake juu ya mlango kwa rangi ya bluu. Mimi nilipewa saa ya ukutani. Imesimama saa nne na robo tangu sherehe. Jina la kisayansi halisimami wala halipakwi chokaa. Baada ya miaka mia tatu litakuwa bado linasomwa.

Shida moja. Anayeeleza mnyama mpya hampi jina lake mwenyewe. Hafungwi, lakini wataalamu watamcheka. Nitafikiri.

Jumanne, tarehe 3 Oktoba

Nimefikiri.

Sisi Wanande hatuchagui jina la kwanza la mtoto. Zamu ya kuzaliwa ndiyo inayochagua. Mvulana wa kwanza ni Mumbere. Msichana wa kwanza ni Masika. Wanaofuata nao wana yao, kwa mpangilio. Sasa kidudu hiki ndicho cha kwanza ambacho Vuhovi imezalia sayansi. Basi ni Mumbere. Kwamba mimi pia ni Mumbere, Mumbere Ananie, nifanyeje? Ni mila.

Nimemwandikia Profesa barua ya kurasa nne, pamoja na tablo, jedwali la majina yote. Mtu wa Kasai lazima aelezwe polepole.

Julienne aliuliza hapa Butembo bamumbere ni elfu ngapi, na nani atajua ni mimi. Nilimjibu kwamba wanaopaswa kujua watajua. Akauliza ni nani hao. Nikatoka nje kuangalia mvua.

Alhamisi, tarehe 5 Oktoba

Profesa ameipenda mila. Ataiweka yote ndani ya makala, kama nilivyoiandika. Atapita Butembo Ijumaa ya juma lijalo kuchukua michoro.

Michoro inataka mikroskopi yenye nguvu. Mikroskopi yenye nguvu iko kwa nani? Kwa Florentine. Yeye alistaafu, ufunguo wa maabara haukustaafu. Nilikwenda, nikajishusha, nikasifu hata mapazia. Alikubali kwa sharti moja: manyoya ya kidudu atayahesabu yeye mwenyewe, unywele kwa unywele.

Nilijifanya kusita. Kwani si kazi ya mtu wa hesabu? Macho yake, jina langu. Nilicheka peke yangu mpaka kona ya Rughenda.

Jumamosi, tarehe 7 Oktoba

Msiba.

Florentine amepima ishirini na watatu. Nieleze. Mwishoni mwa tumbo, jike ana ufa mdogo uliolala mkingamo. Dume ana duara la manyoya. Florentine hakuona duara hata moja. Wengi katika jamaa za udongo hawana haja ya madume: mama anataga, mabinti wanatoka, mabinti nao wanataga. Jambo hili nililifundisha mwenyewe, kila Februari, mwaka wa tano.

Aliandika kwenye daftari: majike 23, madume 0. Halafu akachonga penseli yake, taratibu sana.

Jina lake kamili ni Masika Florentine. Binti wa kwanza kwao.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba

Dume yupo. Lazima awepo.

Majani nusu gunia yalikuwa yamebaki. Njia ya kuwatoa wanyama ni hii: bidoni ya plastiki iliyokatwa kama faneli, wavu ndani, majani juu ya wavu, taa juu ya majani, chupa ya alkoli chini. Wanakimbia joto na mwanga, wanatumbukia. Nilikosa taa tu. Nikachukua ile ya vifaranga wa Julienne.

Wametumbukia kumi na mmoja. Niliwapeleka kwa Florentine baada ya misa. Majike kumi na mmoja.

Vifaranga walianza kutetemeka. Julienne amewahamishia kitandani, upande wangu.

Jumatano, tarehe 11 Oktoba

Wazo jipya, na ni rahisi! Kwenye rundo la mbolea nyuma ya jiko letu kolembola ni tele. Wa kawaida, wanajulikana dunia nzima, lakini wana madume. Nimechagua dume mmoja mweupemweupe na kumtia katika chupa ya Vuhovi. Alkoli imempausha vizuri.

Nimemwambia Florentine kwamba huenda tulihesabu haraka. Ameahidi kuangalia tena mbele ya Profesa.

Ijumaa, tarehe 13 Oktoba

Profesa amefika na koti la mvua. Florentine akainama juu ya mikroskopi. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilijiona tayari ndani ya vitabu.

Ndipo akasema: “Mwalimu, bwana arusi huyu ametoka wapi? Iko na macho munane kila upande, na bibi zake bote ni bipofu. Na hata mbuzi ya dote hakuleta.”

Profesa akaangalia. Nikasema pengine upepo. Akauliza upepo gani unaingia ndani ya chupa yenye kifuniko. Nilianza kueleza habari za upepo, akaniwekea mkono begani.

“Papa Mwalimu, mila yenu njo niliandika, kurasa ine na tablo. Mutoto wa kwanza akikuwa muke, tunamuita nani?”

Walinitazama wote wawili. Ningeweza kunyamaza. Lakini nikiulizwa swali ninalolijua, kinywa kinafunguka chenyewe.

“Masika,” nikasema.

Akaandika. Florentine alisema heshima kama hii hakuitafuta. Ni kweli, hakuitafuta. Hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa.

Nyumbani nilimsimulia Julienne yote. Alinipikia fufu na sombe. Kisha akasema angalau bamasika nao ni elfu ngapi. Nikamjibu kwamba wanaopaswa kujua watajua.

Jumapili, tarehe 15 Oktoba

Somo la juma hili nimelielewa vizuri: kosa halikuwa langu, lilikuwa la kolembola. Nilichagua mnyama mbaya.

Leo, kati ya kabichi za Julienne, nimekuta konokono mdogo wa rangi ya kahawia, mwenye mistari saba. Hayumo katika vitabu vyangu. Nieleze: konokono wengi wa nchi kavu ni dume na jike katika mwili mmoja. Mbele ya mnyama kama huyu hakuna mtu atakayeniambia madume sufuri! Nusu yake ni mvulana wa kwanza, bila shaka yoyote. Mumbere.

Nimekwisha kumwandikia Profesa. Kurasa sita. Kesho asubuhi nakwenda kwa Florentine kuomba mikroskopi.

Ile nusu nyingine sijaifikiria bado.