Kompyuta Iliyoombewa Voi

Leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wafanyabiashara wa Voi, na mimi ndiye mwenyekiti wao. Nawaandikia nyinyi marafiki zangu wa shule mapema, kabla hamjasikia habari ya sokoni iliyotiwa chumvi.

Mnamjua Wakesho, binti wa dada yangu wa Chawia. Alisomea kompyuta Mombasa, akarudi na mashine nne, akakodi chumba nyuma ya duka langu la mabati. Anataka kuwafundisha wenye maduka kuandika risiti na barua za oda. Miezi miwili sasa hajapata mwanafunzi hata mmoja. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Asipopata watu kumi anafunga, anarudi Mombasa. Na mimi ndiye niliyemwambia mama yake, "Mlete, mimi nina jina hapa."

Basi nikaita mkutano. Wakesho akasema, "Anti, nitawaonyesha mimi." Nikamwambia hapana. Watu wakimwona mwenyekiti akibonyeza, watafuata. (Nilikuwa nimebonyeza mara tatu maishani, zote Wakesho akiwa amenishika mkono.)

Saa nne chumba kimejaa. Viatu tumeviacha mlangoni, maana mashine haitaki vumbi, na vumbi la Voi mnalijua. Nikawasha, ikawaka. Nikasikia mtu akinong'ona, "Huyu mama ni moto." Hapo ningeandika risiti moja tu, mambo yangeisha. Lakini mnanijua mimi na hotuba. Nikawageukia watu, nikaeleza maendeleo, nikaeleza karne inayokuja, nikaeleza na safari yangu ya Nairobi.

Kugeuka, kioo ni cheusi tii.

Nikasema, "Stima imepotea." Watu wakatazama juu. Balbu inawaka. Nikaogopa kugusa chochote nisije nikaharibu zaidi. Kule nyuma Wakesho akainua mkono. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, wakubwa wanazungumza." (Msiniulize kwa nini. Cheo kinalewesha.)

Macho yangu yakaangukia jirani yangu Mchungaji, yule anayeuza mbegu. Nikasema kwa sauti ya uongozi, "Mchungaji, hebu tuombee kifaa hiki."

Akaja. Akaomba kwa Kiswahili, akaongeza na Kidawida, lugha yetu ya nyumbani. Mkono wa kushoto akauweka juu ya kioo, wa kulia akauegemeza mezani, juu ya kipanya. Kioo kikawaka.

Amina zilizotoka hapo nadhani zilisikika stesheni. Hata Mzee Bakari wa duka la vitambaa alisema alhamdulillahi. Nami nikainua kidevu. "Mmejionea wenyewe."

"Anti," Wakesho akasema taratibu, "ilikuwa imelala tu. Isipoguswa kwa muda, kioo hujizima. Ukisogeza kipanya inaamka."

Mzee Bakari akauliza, "Yaani mashine imechoshwa na hotuba ikalala, nasi tukaiombea?"

Watu walicheka mpaka Mchungaji mwenyewe akakaa chini. Nilitaka kutoroka, lakini viatu vyangu vilikuwa mlangoni, nyuma ya watu wote.

Mzee Bakari akafuta machozi. "Wakesho, mwanangu, niandike mimi." Nyuma yake ikaanza foleni.

Nikamuuliza, "Mzee, faida umeiona leo?"

"Faida niliiona zamani, Mwenyekiti. Lakini kila ukipita dukani unatuuliza kama bado sisi ni watu wa kalamu. Nani angekuja hapa kukosea mbele yako? Sasa tumejua nawe hujui, tutakuja."

Maneno hayo yaliniuma, sitawaficha. Miezi miwili mtoto wa dada yangu anakaa na viti vitupu, kumbe kizuizi ni mimi niliyeahidi kumsaidia. Wamejiandikisha kumi na wanne. Mashine haziendi popote.

Ni kumi na watano mkinihesabu na mimi. Wamenipa kiti cha mbele kwa heshima ya cheo changu, ila wamenisihi jambo moja: siku ya kufungua darasa, nisihutubie.