Manowari Katika Tangi la Ploti

Saa mbili na dakika kumi asubuhi nilikuwa bado mtu wa kuheshimika. Saa mbili na robo nikawa nimeumbuka.

Leo ni Alhamisi, siku pekee ya maji hapa kwetu Umoja, na ufunguo wa tangi la ploti, la wapangaji wote, hukaa kwangu. (Nilichaguliwa kwa umakini wangu. Hata onyo la kifunikoni, USITUMBUKIZE KITU, nililiandika mimi.)

Nilikuwa nimemwonyesha jirani yangu Musyoka, dereva wa lori, meli yangu mpya: mfano wa manowari ya Kijapani ya wakati wa vita, chuma kitupu, sentimita thelathini na nane. Akaipima mkononi, akasema hilo ni jiwe la kuzuia mlango. Nikamweleza kwa utulivu. Meli halisi ilikuwa na tani elfu sabini, na ilielea. Yangu ni ndogo mara mia saba. Kwa hiyo inaruhusiwa tani mia moja, nayo ina kilo moja na robo tu.

"Itaelea kama kizibo," nikasema.

"Basi tuonyeshe, Mwalimu." (Sijawahi kufundisha. Ni jina la utani.)

Beseni zote zilikuwa kwenye foleni ya maji. Nikafungua tangi, nikaiweka juu ya maji kwa mikono miwili.

Haikuyumba hata kidogo. Ilishuka kama iliyokuwa na miadi huko chini, mita mbili, pua yake ikaingia barabara kwenye tundu la kutolea maji. Mfereji ukakohoa, ukanyamaza. Foleni nzima ikanigeukia.

Fundi wa mifereji alifika saa nne, akaingia tangini na gambuti zake. Maji hayo hakuna aliyeyataka tena. Alipotoka na meli akauliza nilipiga hesabu gani. Nikamweleza.

"Umegawa mara moja tu? Mzee, kuna urefu, upana na kimo. Unagawa kwa mia saba mara tatu. Hii ilitakiwa iwe na gramu mia mbili hivi."

Wote walimsikia. Musyoka akaniomba ufunguo kwa adabu. Alisema yeye hajui hesabu, kwa hiyo maji yatakuwa salama.

Mizinga miwili midogo ya meli ilivunjikia tangini na haijapatikana. Majirani, chujeni chai kabla ya kunicheka.

Fundi, mia nane. Maji ya mkokoteni kwa ploti nzima, mitungi arobaini kwa shilingi ishirini kila mmoja. Hasara: shilingi elfu moja na mia sita.