Profesa wa Dakika Nne

Jumatatu, 2 Juni
Mkuu wa idara ametuita ofisini, mimi na Bi Marejeo. Nafasi ya mhadhiri ni moja. Ataipata mwenye makala iliyokubaliwa na jarida kabla ya tarehe 27. Mkataba wangu wa muda unaisha mwezi huu huu, kwa hiyo hapa hapana mchezo. Bi Marejeo (hasalimii mtu bila kutaja chanzo) anaandika kuhusu neno "kumbe". Mimi, kama katika tasnifu yangu ya uzamivu, naandika kuhusu "eti". Miaka sita ya "eti"!

Nimetuma makala mchana. Fomu ya jarida ikaniomba nipendekeze mtathmini, msomi wa fani hii. Nikafikiri sana. Hakuna anayeijua fani hii kunishinda mimi. Basi nimempendekeza profesa mstaafu niliyemtunga mwenyewe, na anwani ya barua pepe nikamfungulia. Dakika nne. Jina lake siliandiki hata humu.

Alhamisi, 5 Juni
Mhariri amemwandikia Profesa! Anamwita Mheshimiwa. Mimi huniita "Ndugu mwandishi". Nimemchelewesha saa mbili, asidhani mzee hana shughuli, kisha nikakubali kwa niaba yake.

Jumamosi, 7 Juni
Nimeandika tathmini. Kurasa mbili, sifa tupu. Nikamsomea dada yangu, fundi cherehani, ambaye nalala katika chumba chake cha kazi tangu nianze uzamivu. Nilimwambia ni ya mtu mwingine. Akaniuliza bila kuinua macho: "Huyu anayesifu ameiona nguo, au amemwona mshonaji tu?"

Ni kweli. Kilemba cha ukoka, mhariri atanusa. Nikaamua kutia kasoro moja ndogo. Nikagundua kwamba mazungumzo yote arobaini na moja niliyarekodi hapa hapa kwa dada, na wasemaji wote walikuwa wakilalamikia nguo kuchelewa. Hiyo si ndogo. Ikanipeleka kwenye ya pili, na ya tatu. Jedwali la nne linapingana na la pili! Ni mara ya kwanza naisoma makala yangu kwa makini. Nilipoacha, kurasa zilikuwa tano. Lakini mwishoni nimependekeza ichapishwe, na hilo ndilo la maana.

Ijumaa, 13 Juni
Imekataliwa. Mtathmini mwingine aliandika mistari miwili: kazi nzuri, hongera. Mhariri anasema hoja za Mheshimiwa Profesa ni nzito mno, na pendekezo lake la kuichapisha ni huruma ya mzee tu. Nimelia kidogo, sikatai.

Kisha nikaandika, kwa jina langu, kwamba mtathmini huyo haelewi hata "eti" ni nini. Mhariri akajibu kwa upole kwamba hajawahi kukutana na anayeielewa kumzidi. Akanishauri niyatafute maandishi yake.

Jumatatu, 16 Juni
Mhariri amemletea Profesa makala nyingine. Haina jina la mwandishi, ila inahusu "kumbe" na marejeo yake ni kurasa tisa. Nikafunga mlango. Tukikosa wote wawili, nafasi itatangazwa upya na huenda mkataba wangu ukaongezwa. Makala hii lazima izame.

Nimeichambua mstari kwa mstari hadi alasiri. Kila tundu nimelitia kidole. Kurasa saba, na kila hoja ina ushahidi wake na jinsi ilivyopaswa kuandikwa, ili asipate pa kutokea. Pendekezo: ikataliwe. Roho ilinisuta kidogo, nikainywesha chai.

Alhamisi, 26 Juni
Makala ya Bi Marejeo imekubaliwa. Mhariri aliona kila kasoro imeonyeshwa na dawa yake palepale, akampa wiki moja arekebishe. Naye akazifuata kurasa zote saba, hakuruka hata mstari. Nafasi ni yake.

Alikuja nayo tathmini idarani, machozi yakimlenga, akisema hajawahi kusomwa hivyo na mtu yeyote. Mkuu wa idara akaisoma akiwa amesimama, yote. Akaiweka mezani taratibu. "Mtu anayesoma namna hii," akasema, "ningempa kazi leo leo, hata kama hana makala hata moja."

Nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Ulimi uliniwasha. Nikasema eti huenda ni mzee tu aliyekosa la kufanya. Wakanitazama vibaya. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, kwa sababu niliumia, na niliumia kweli.

Ijumaa, 27 Juni
Nimerudisha ufunguo wa ofisi. Nimemweleza dada kila kitu, tangu mwanzo. Hakucheka. Akasema niache kujificha, nisome kazi za watu kwa jina langu mwenyewe, maana hicho ndicho ninachokiweza.

Nimelitafakari neno lake kwa utulivu, kama nusu saa. Dada ni fundi hodari, lakini mambo ya usomi hayajui. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilimtunga profesa msomi mno. Wa pili ni mtu mpole, mwenye shughuli nyingi, asiyevuka ukurasa wa kwanza. Safari hii nimetumia dakika tatu. Mhariri wa jarida jingine ameshamwita Mheshimiwa.