Turbo ya Kumpandisha Bibi Harusi Shume

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Siku mbaya, lakini imezaa mpango. Asubuhi nimepanda kilima cha Magamba na gari langu la dizeli, lile lililokuja na meli kutoka Dubai likiwa limetumika kidogo tu (miaka kumi na moja). Katikati ya kilima likatoa moshi wa bluu mpaka akina mama wauza karoti wakafunika vikapu kwa khanga. Turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa, imechoka. Inakunywa oili. Pia inapiga filimbi, lakini hiyo ni sifa. Bonde zima hujua Timotheo anapita.

Ubaya ni wiki yenyewe. Jumamosi Esta anaolewa Shume. Baba yake, Mzee Nikodemo, mstaafu wa misitu, ametangaza kwamba Ijumaa atakagua magari mawili, langu na la Tobia, dereva mwenzangu, na litakalomridhisha ndilo litakalombeba bibi harusi. Na pembeni ya bibi harusi atakaa mdogo wake, Loveness. Loveness! Mwalimu wa darasa la tatu. Nampenda tangu Pasaka na bado sijamwambia. Tobia ana gari dogo la saluni, jeupe, la petroli, ambalo huliosha kila asubuhi kana kwamba ni mtoto mchanga. Hanishindi. Nitaifufua turbo kwa mikono yangu.

Jumanne, 6 Agosti

Turbo imetoka. Saa tano za kazi, kwa spana za Tobia, ambaye hana habari kwamba ameniazima. Shafti inacheza kama jino la bibi. Nikaamua kuichemsha masizi yatoke. Sufuria kubwa nyumbani ni moja tu, ya makande. Nikatia nusu pakiti ya sabuni ya unga. Masizi yakatoka kweli, yakahamia kwenye sufuria. Mama akarudi shambani, akafunua, akanisemesha Kishambaa maneno ambayo siyaandiki hapa. Shafti bado inacheza. Tumekula ndizi za kuchoma.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeshuka Mombo kwa fundi Rajabu, nimekaa juu ya lori la kabichi, turbo mapajani. Mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akainusa turbo, akauliza kwa nini inanukia nguo zilizofuliwa. Nikasema ni utaalamu.

Akafungua. Bushi zinazoshika shafti zimeliwa, sili ya kuzuia oili imekatika, tundu la oili limeziba masizi magumu. Akataka kujua ninaendeshaje. Nikamweleza kwa fahari jinsi ninavyobana dizeli: napanda kwa nguvu zote, nikifika kileleni nazima injini, natoa gia, gari linateremka lenyewe bure. Rajabu akaweka spana chini. Akasema kileleni turbo huwa nyekundu kwa moto na bado inazunguka, na injini ikizimwa oili haifiki tena. Kwa hiyo nimekuwa nikiikaanga kavu kila siku. Akaniagiza niliache gari lingurume taratibu dakika mbili kwanza, ndipo nizime. Nikasema ndiyo, fundi.

Akaosha kwa mafuta ya taa, akatia bushi mpya na sili mpya, akazungusha shafti kwa kidole. Ikaenda kimya, ikaenda, ikaenda. Nikamwomba aache ulegevu kidogo ili filimbi ibaki. Akakataa kabisa. Watu wa Mombo hawajui burudani.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeifunga. Nguvu! Magamba nimeipanda kwa gia ya tatu, moshi hakuna hata wa kutafuta. Nikashuka mjini kifua mbele. Hakuna aliyegeuka. Mwanaheri, anayeuza chai stendi, akasema hakujua kama nimepita. Tobia akaongeza, mbele ya watu, kwamba pole, turbo imekufa.

Imeniuma. Nimekaa kwenye ngazi za duka nikiwaza, na wazo likaja. Nikalegeza klipu ya mpira unaopeleka hewa kwenye injini. Kidogo tu. Filimbi imerudi, tena nzuri kuliko ya kwanza.

Ijumaa, 9 Agosti

Ukaguzi. Nilimpa Mzee Nikodemo shikamoo mara mbili kwa woga. Akakaa mbele, Loveness nyuma. Tukaanza kupanda. Filimbi ikaanza. Mzee akauliza kinacholia ni nini, nikamjibu ni nguvu. Filimbi ikapanda, ikapanda zaidi, kisha mpira ukachomoka kwa kishindo, nguvu zikaisha, na moshi mweusi ukaifunika kwaya yote ya akina mama waliokuwa wakitoka mazoezini. Mzee akashuka na kurudi mjini kwa miguu. Tobia atambeba bibi harusi. Mimi nitabeba masufuria ya pilau.

Loveness alibaki. Akaurudisha mpira na kukaza klipu kwa mkono wake mwenyewe. Akasema jana alisikia gari linapita kimya akadhani nimekuwa mtu mzima. Sijui alimaanisha nini. Mikono yake ilikuwa na masizi. Nimelia kidogo njiani.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku kuu! Saluni ya Tobia imechemka katikati ya kilima cha Magamba, mvuke mpaka juu ya miti. Esta na Loveness wakahamia kwangu, katikati ya masufuria. Tobia akabaki barabarani akipepea boneti kwa koti lake. Gari langu likapanda kama halina mtu. Tukakaribia Shume, kanisa likaonekana chini, mchungaji mlangoni, watu wote nje wakiimba.

Nikawaza: bibi harusi hapaswi kufika na kelele za dizeli. Nikazima injini nikaachia.

Tukashuka kimya, vizuri mno. Breki zikashika mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu pedali ikawa ngumu kama jiwe, kwa sababu injini haikuwapo kuisaidia. Tukampita mchungaji. Tukaipita kwaya. Esta akapunga mkono, maana hakujua la kufanya. Tukasimama ndani ya shamba la kabichi.

Gauni salama. Ndoa imefungwa, kwa kuchelewa kidogo. Mzee Nikodemo amemlipa mwenye kabichi mbele yangu, na ni afadhali angenichapa. Loveness alicheka mpaka akakaa kwenye tuta. Nilipowasha gari, moshi wa bluu ukarudi.

Jumapili, 11 Agosti

Baada ya ibada Loveness alinifuata nje. Moyo ulinidunda mpaka tai ikatikisika. Akasema hajawahi kucheka vile. Akasema Jumapili ijayo angependa twende Irente kutazama bonde, mimi na yeye tu, kwa miguu. Akarudia: kwa miguu, Timotheo. Tulipoagana akasema tena.

Nimetafakari kutwa nzima. Mwalimu hasemi jambo mara tatu bila sababu. Ananipima aone kama naweza kulitengeneza gari kwa siku saba. Kesho alfajiri nateremka Mazinde. Kuna lori linauzwa chuma chakavu, na nasikia turbo yake ni kubwa mara mbili ya yangu. Itabidi nikate boneti, lakini Loveness hatatembea hata hatua moja.